Imamu Ghazali na Khalwa ya Nyumbani

Kila nipitapo chini ya kuta za Ngome ya Yesu wakati wa alasiri, kivuli chake kikianza kuinamia baharini, huwakumbuka watu waliopata kimya humo ndani bila ya kukiomba. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Tangu Machi 1696 hata Disemba 1698 ilizingirwa na Waarabu wa Omani, na waliokuwa ndani wakamalizwa na njaa na maradhi. Kisha, kuanzia mwaka 1895 mpaka 1958, serikali ya Kiingereza iliifanya jela. Leo ni makumbusho, na wageni huingia kwa tiketi. Kuta zake ni nene, na makelele ya mji hayapenyi kwa wepesi. Lakini hapana mtu hapa Mombasa atakayesema kwamba mfungwa wa Ngomeni alikuwa katika khalwa. Kifungo ni kifungo, na khalwa ni khalwa. Zote mbili ni mlango uliofungwa. Kilichozitenga ni nia ya aliye ndani.

Hayo nimekumbushwa na kijana mmoja wa mtaani petu aliyenijia barazani baada ya sala ya magharibi. Alikuwa amesoma habari za wafuasi wa dini ya Budha, kwamba wana desturi ya kujitenga siku kadha wa kadha, wakakaa kitako kimya, macho wameyainamisha, wakifuata pumzi zao zinavyoingia na kutoka, hata moyo ukatulia. Akasoma pia kwamba siku hizi wako watu wengi wa ng'ambo wasioweza kwenda kukaa katika nyumba za watawa, basi hujipangia jambo hilo majumbani mwao wenyewe. Mtu huchagua siku tatu au saba, akazima simu, akawaarifu jamaa zake, akaweka tayari chakula chepesi, akaandika saa za kukaa na saa za kutembea polepole. Kijana akaniuliza kama mtu wa kwetu anaweza kupanga jambo mfano wa hilo nyumbani kwake, humu humu Mji wa Kale, asitoke katika dini yake.

Mimi si mufti, na mwenye kutaka fatwa namwelekeza kwa masheikh. Lakini nilimwambia kwamba kabla ya kuazima kanzu ya jirani, ni vyema kwanza kufungua kasha la babu. Na katika kasha hilo nilimtolea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalitaja sana misikitini, ingawa shida aliyopambana nayo hatuitaji mara nyingi. Mtu huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam.

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijria, sawa na 1058 wa Miladia, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambayo sehemu yake kubwa leo imo Uajemi. Na Khurasani ilikuwa nchi iliyopata kuwajua watu wa Budha. Katika mji wa Balkh, kabla ya Uislamu, palikuwa na hekalu lao kubwa lililoitwa Nawbahar, na kutoka katika ukoo wa walinzi wa hekalu hilo ndipo walipotoka akina Barmaki, mawaziri mashuhuri wa Harun Rashid. Tena Shahrastani, mwanachuoni aliyeishi zama zile zile za Ghazali, katika kitabu chake cha dini na madhehebu alieleza habari za Budha, akamshabihisha na Khidhri. Basi wanavyuoni wetu hawakuona haya kutazama ya wenzao, nao wakabaki katika yao.

Husimuliwa kwamba baba yake Ghazali alikuwa mtu maskini mwenye kusokota sufi na kuiuza dukani. Alipohisi mauti yanamkaribia, aliwausia watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja Sufi, akamwachia na vijisenti vya kuwasomeshea. Vijisenti vilipokwisha, yule rafiki hakuwa na kitu cha kuongeza. Aliwashauri watoto waingie madrasa, kwani huko mwanafunzi alikuwa akipata posho. Hivyo mwanzo wa elimu ya bahari hii ulikuwa ni kutafuta mkate. Sisi tuliosoma chuoni kwa kupeleka ada ya Alhamisi tunalifahamu jambo hilo vyema.

Iko hadithi nyingine ya ujana wake ambayo walimu wetu walipenda kutusimulia. Alikuwa akirudi kutoka Jurjan, alikokwenda kusoma, na katika mzigo wake mlikuwa na madaftari aliyoandika masomo yake yote. Wanyang'anyi wakaushambulia msafara, wakachukua kila kitu. Ghazali akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie madaftari, kwa kuwa hayakuwa na faida kwa mwingine. Yule mwizi akamcheka, akashangaa ni elimu gani hiyo inayoweza kuondoka kwa kuchukuliwa mkoba, kisha akamrudishia. Ghazali alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoandika. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza juu ya tofauti ya kilicho mkononi na kilicho moyoni, na mwalimu wake alikuwa mnyang'anyi.

Baadaye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramain al-Juwayni, akakaa naye mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 1085. Kisha akaingia katika majlisi ya Nizamul Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, mahali walipokuwa wakikutana wanavyuoni na kushindana kwa hoja. Ghazali akawashinda wengi. Mwaka 1091, umri wake ukiwa miaka thalathini na kitu, alipewa ualimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya huko Baghdadi. Hapakuwa na cheo cha elimu kilichotamaniwa kuliko hicho. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi mia tatu. Wafalme walimtaka shauri, na mavazi yake na msafara wake ulikuwa wa watu wakubwa. Wakati huo huo alisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake, katika saa alizoiba baina ya darasa na darasa, akaandika kitabu cha kuwajibu.

Mtu angesema huyo amekwisha fika. Lakini mwenyewe alijitazama akaona vinginevyo. Alipochunguza nia yake katika kufundisha, aliona kwamba haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichomsukuma ni cheo na kuenea kwa jina. Alijua kwa akili yake kwamba dawa ni kuacha, na nafsi yake haikukubali. Asubuhi huazimia kutoka Baghdadi, na jioni azma hiyo ikavunjika. Hutanguliza mguu mmoja, na wa pili akaurudisha. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi sita, tangu Rajabu ya mwaka 488, yaani katikati ya mwaka 1095. Hatimaye ulimi wake ukafungika. Alikuwa akijikaza siku moja afundishe ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno halitoki. Chakula nacho kikawa hakipiti. Matabibu wakasema kwamba ugonjwa umetoka moyoni ukaingia mwilini, na hapana dawa mpaka moyo upumzike.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka utazame alivyojipanga, kwa sababu watu hudhani kwamba mtu wa Mungu akitaka kujitenga huinuka tu akaenda zake. Ghazali hakufanya hivyo. Alitazama kwanza haki za watu walio juu ya shingo yake. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto wake, na mwenyewe ameeleza kwamba aliona ni halali kwao kwa vile mali za Iraki zilikuwa waqfu kwa maslaha ya Waislamu. Darasa lake alimwachia nduguye Ahmad alisimamie. Na kwa kuwa alijua khalifa na rafiki zake watamzuia, alitangaza kwamba anakwenda Makka, hali moyoni ameazimia Sham. Akatoka Baghdadi mwezi wa Mfungo Pili, mwaka 488, sawa na Novemba 1095.

Huko Dameski hakuwa na kazi ila khalwa, riyadha na kusafisha moyo kwa dhikri. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Banu Umayya, akajifungia mlango mchana kutwa. Sisi wa hapa tuliozoea mnara mdogo wa Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kauli mashuhuri ulijengwa mwaka 1570, kabla hata ya Ngome, tufikirie mnara mrefu zaidi, juu ya mji wenye masoko na farasi na mafundi wa shaba, na mtu mmoja ndani yake amenyamaza, yeye aliyekuwa akisikilizwa na mia tatu. Kutoka huko alikwenda Baitul Muqaddas, na huko pia akawa anaingia katika Kubba ya Mwamba kila siku na kujifungia. Katika mji wa Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka nadhiri tatu: asiende tena kwenye barza ya mtawala, asipokee mali ya mtawala, wala asiingie katika mijadala ya kushindana. Kisha akaenda kuhiji.

Lau maisha yake yangeishia mnarani, yangekuwa hadithi nzuri isiyotufaa kitu sisi wenye wake na watoto na kodi ya nyumba. Lakini hayakuishia hapo. Wito wa watoto wake ulimvuta kurudi kwao, yeye aliyekuwa akijiona ni mtu wa mwisho kufikiria kurudi. Mwaka 1097 alionekana tena Baghdadi, kisha akaelekea Tus. Akaichagua khalwa nyumbani, na hapo ndipo penye funzo lenyewe. Amekiri bila ya kuficha kwamba nyumbani haikuwa kama mnarani. Mambo ya zama, haja za watoto na dharura za maisha zilibadilisha sura ya alichokusudia, zikachafua usafi wa faragha yake. Utulivu kamili alikuwa haupati ila nyakati mbalimbali. Pamoja na hayo hakukata tamaa. Kila kikwazo kilipomtoa, alirudi. Na hali hiyo, kuanzia alipotoka Baghdadi, iliendelea kwa muda wa miaka kumi na kitu.

Fikirini basi! Imamu huyu, kwa elimu yake na azma yake, hakupata nyumbani kwake siku zilizotakata kama alivyopenda. Nasi tukikaa siku moja, mtoto akalia, muuza maji akabisha hodi, tunasema khalwa imeharibika.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihyau Ulumid Din, kitabu chenye robo nne na vitabu arobaini ndani yake. Masharifu wa Hadhramauti wamekishika kitabu hicho kwa mapenzi makubwa, na wao na wanafunzi wao wakakieneza katika pwani yetu, Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Kimoja katika hivyo arobaini ni kitabu cha adabu za kujitenga. Mtu angetazamia kwamba aliyekaa mnarani atausifu upweke tu. Lakini ameweka mizani, upande huu na upande huu. Katika faida za kujitenga ametaja kupata nafasi ya ibada na kufikiri, kusalimika na kusengenya na riya, kuepukana na fitina na shari za watu, na kukatika tamaa, ya kwako kwa watu na ya watu kwako. Kisha akageuka akahesabu hasara zake. Aliyejitenga hukosa kusoma na kusomesha, hukosa kunufaisha na kunufaika, hukosa kurekebishwa tabia na wenziwe, na hukosa thawabu za kuzika maiti, kumzuru mgonjwa na kuhudhuria jamaa. Tena huenda mtu akadhani ana moyo mpole, kumbe ni kwa sababu hapana aliyemuudhi! Hukumu yake ni kwamba haifai kumpitishia kila mtu neno moja. Mtu hutazamwa, na hali yake, na wale anaochanganyika nao.

Kisha akaeleza adabu za mwenye kuazimia. Nia ya kwanza si kukimbia ubaya wa watu, bali ni kuwaepusha watu na ubaya wako wewe. Mimi nikisoma mahali hapo hujisikia kama niliyeshikwa sikio. Baada ya nia hiyo ndipo ifuate ya kusalimika na shari, kisha ya kuelekea kwa Mola kwa moyo mzima. Mtu apunguze wageni, asiulize habari za mji na uvumi wake, kwani habari iingiayo sikioni ni kama mbegu iangukayo ardhini, haina budi kuota. Aridhike na chakula kichache. Na akaongeza jambo ambalo wengi hawalitazamii: awe na mke mwema au sahibu mwema wa kukaa naye saa moja katika siku, ili nafsi ipumzike na uzito wa juhudi. Yaani hata katika khalwa amepatia nafasi mazungumzo ya watu wa nyumbani.

Mwaka 499 wa Hijria, sawa na 1106, waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nizamul Mulk, alimtaka arudi kufundisha Nishapur. Ghazali alisita. Alijiuliza kama kuendelea kukaa faragha sasa ni kumcha Mungu au ni uvivu na kupenda raha, hali watu wamepotewa na wanahitaji daktari. Akashauriana na watu wa nyoyo, wakakubaliana kwamba atoke. Akarudi kwenye kiti cha ualimu baada ya miaka kumi na mmoja. Kwa macho ya watu alikuwa amerejea pale pale. Kwa macho yake alikuwa mtu mwingine, kwani zamani alifundisha elimu ya kuchumia cheo, na sasa alifundisha elimu ya kukiacha. Baadaye akarudi tena Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya Masufi, akazigawa saa zake baina ya kusoma Kurani, kukaa na watu wa nyoyo na kusomesha. Hapo mnara na nyumba vikawa mahali pamoja.

Alifariki siku ya Jumatatu, mwezi 14 Jumadal Akhir mwaka 505, sawa na 18 Disemba 1111. Husimuliwa na nduguye Ahmad kwamba alfajiri ya siku hiyo alitawadha, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka juu ya macho yake, akanyoosha miguu kuelekea kibla, akafa kabla ya jua kupanda. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na kitu, na huo ndio umri wangu mimi ninayeandika haya.

Nami nikiri langu. Mwaka mmoja nilijaribu kukaa siku tatu katika chumba cha juu, dirisha likielekea upande wa Bandari ya Kale. Niliandaa tende, maji, msahafu na tasbihi, na simu nikampa mke wangu. Siku ya kwanza nilihesabu mikokoteni iliyopita chini kuliko nilivyohesabu tasbihi. Siku ya pili asubuhi moyo ulianza kutua, na mara nikasikia msikitini panatangazwa maiti, mzee wa mtaani petu ambaye tulikuwa hatusemezani kwa jambo la upuuzi la ukuta. Nilikaa kitambo nikijihoji. Nafsi iliniambia nimo katika ibada, na nimepata udhuru mzuri wa kutokwenda. Hapo ndipo nilipoikumbuka mizani ya Imamu, nikajua kwamba udhuru ule ndio maradhi yenyewe. Nikateremka, nikashika jeneza, nikatia mchanga kaburini, nikawapa mkono watoto wake. Niliporudi chumbani, makelele ya mikokoteni yalikuwa yale yale, wala hayakuniudhi tena.

Basi kijana wangu nilimwambia apange kwanza yaliyo nje ya chumba. Alipe madeni, au aombe muda. Aombe idhini ya mkewe, na matumizi ya siku hizo yawe tayari mkononi mwake. Amalize ugomvi wake na watu. Aweke siku chache azimudu, na ajue siku ya kutoka kama ajuavyo ya kuingia. Aache saa moja ya watu wake. Akitolewa kwa haki ya mtu, atoke kwa moyo mkunjufu, na arudi. Saa za kukaa na kusoma na kukumbuka azipange baada ya hayo, kwa kumuuliza sheikh wake.

Alikuwa amekuja na karatasi yenye ratiba ya saa, tangu alfajiri hata isha, imepigwa mistari vizuri. Aliigeuza upande wa pili, akaniomba kalamu, na jambo la kwanza aliloandika lilikuwa jina la mwenye duka anayemdai.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, na atunufaishe kwa elimu yake.